Msiilaumu kutu: arseniki, visima vyetu na ushauri wa "chimba zaidi"

Kila inapotoka habari kwamba maji ya kisima fulani huko Kanda ya Ziwa yamepimwa yakakutwa na arseniki, ile sumu inayotoka kwenye mawe, haipiti siku mbili magrupu ya WhatsApp yanajaa ushauri, na ukiuchuja wote unabaki na meseji mbili. Ya kwanza inasema udongo mwekundu una sumu, maji yenye kutu msiyaguse. Ya pili inasema chimbeni zaidi, Bangladesh walichimba zaidi wakapona. Nimezisoma mpaka nimezikariri, na watu wanazifowadi kwa nia njema kabisa, lakini zote mbili zinaelekea kubaya. Kutu ndo kitu kinachotukinga na arseniki kuliko kichujio chochote cha dukani, ila kuna hali zikibadilika inaiachia yote kwa mpigo. Na "chimba zaidi" ni ushauri mzuri kwenye delta ya Bengal, yaani Bangladesh na India ya jirani yake, lakini kwenye miamba ya dhahabu kama ya Geita na Mara unaweza kukutoa kwenye maji yenye nafuu ukakupeleka kwenye mabaya zaidi. Kujua arseniki ipo kiasi gani ardhini hakutusaidii sana kama hatujui imeshikwa na nini, na kinachoifungulia ni kitu gani.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana hapo ndo watu wanaruka. Arseniki ipo karibu kila mahali duniani, kwa wastani ni kama miligramu 2 hivi kwenye kilo moja ya mwamba, kiasi ambacho hakimsumbui mtu. Shida ni kwamba haijasambaa sawasawa. Inapenda kukaa na salfa na chuma, na mara nyingi inakaa jirani na dhahabu, kwenye madini yanayoitwa arsenopairaiti ambayo asilimia kama 46 ya uzito wake ni arseniki tupu. Ni jiwe la rangi ya fedha iliyofifia, ukiligonga nyundo linatoa harufu ya kitunguu saumu. Sasa jiwe hilo likiwa chini kabisa, halipati hewa wala mvua, linaweza kukaa miaka bilioni mbili na zaidi bila kumdhuru mtu. Mambo yanaanza pale ardhi inapomomonyoka na jiwe kusogea karibu na uso, maji ya mvua yakashuka kwenye nyufa yakiwa na oksijeni ndani yake. Oksijeni inaivunja ile salfaidi, yaani madini ya salfa na chuma kama hiyo arsenopairaiti, salfa inageuka salfeti na kuondoka na maji, chuma nacho kinashika kutu. Na arseniki? Ungetegemea nayo iondoke na maji, na kidogo kweli inaondoka, ila sehemu kubwa haifiki mbali, inanaswa palepale na kutu iliyozaliwa pamoja nayo.

Hii kutu tunaidharau kwa sababu tunaiona kwenye mabati na mageti. Lakini kutu changa, ile ya rangi ya chungwa inayotetemeka kama uji kwenye mifereji, ambayo wanajiolojia wanaiita ferihidraiti, ni kitu cha ajabu. Gramu moja tu, haijai hata kijiko cha chai, ukiweza kuikunjua yote inakupa eneo la zaidi ya mita za mraba 200, yaani kiwanja kizima cha voliboli na chenji inabaki. Eneo lote hilo kwenye maji ya kawaida lina chaji chanya, na arseniki iliyokwisha kutana na oksijeni inatembea kwenye maji ikiwa na chaji hasi. Ukizikutanisha hazipiti pembeni, arseniki inajifunga kwenye chuma kwa kifungo cha kikemia hasa, sio kubandikwa tu juu juu kama vumbi kwenye gari. Miaka inavyoenda kutu hiyo inakomaa, inakuwa gethaiti ya rangi ya kahawia-njano au hematiti nyekundu, eneo lake linapungua, arseniki nyingine inafungiwa ndani ya fuwele na nyingine inasukumwa nje ikatafute kutu nyingine ya kujishikiza. Huo wekundu wa udongo wetu ndo historia ya kazi hiyo, mvua za miaka mamilioni zimeosha sodiamu, kalsiamu na sehemu kubwa ya silika, chuma na alumini vikabaki, na kila kinachopenda chuma kikabaki navyo.

Manganizi nayo ina kazi yake hapo na huwa haitajwi kabisa. Ni ule weusi unaoona kwenye nyufa za mawe, kama mtu kapaka masizi. Arseniki iko ya aina mbili kwenye maji. Moja imepoteza elektroni nyingi zaidi na ndo hiyo yenye chaji hasi inayonaswa kirahisi, nyingine bado inazo, haina chaji kwenye maji ya kawaida, ni sumu kali zaidi na kwa kawaida ndo inayoponyoka. Oksidi za manganizi zenyewe hazishiki arseniki vizuri kama chuma, kwa sababu uso wake nao una chaji hasi, ila zinaweza kuinyang'anya ile aina mbishi elektroni zake na kuigeuza kuwa ile inayonasika. Mimi huwa namweleza mtu hivi: chuma ni kituo cha polisi, manganizi ni mgambo. Mgambo hana selo, anakukamata tu anakupeleka kituoni. Lakini ukiondoa mgambo mtaani, kituo kinabaki na selo tupu na wahalifu wanajipitia zao.

Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya maabara inayoonyesha udongo wa shamba lake una arseniki mara kadhaa kuliko wastani wa dunia, akasema tumekwisha, namuelewa hofu yake ila hesabu yake haijakamilika. Udongo wenye arseniki nyingi ndani ya kutu kavu, juu mlimani, unaopitisha hewa, unaweza kutoa maji safi kabisa kisimani. Na udongo wenye arseniki ya kawaida tu, ambayo haimstui mtu yeyote maabara, unaweza kuwanywesha sumu mamilioni. Hili la pili nalisema kwa sababu limeshatokea, na Bangladesh wanaitaja wote wanaofowadi meseji ila wachache wanajua kilichotokea chini ya ardhi yao.

Miaka ya 1970 watu wa delta ya Bengal walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi na mito, watoto wanakufa na kuhara. Serikali na mashirika, UNICEF wakiwa mbele, wakahamasisha visima vya bomba jembamba la pampu ya mkono, na wananchi wenyewe wakajichimbia mamilioni kwa sababu mchanga wa kule ni laini, mafundi wawili watatu na bomba lao wanamaliza kazi ndani ya siku. Mwaka 1983 huko Kolkata upande wa India, daktari wa ngozi K. C. Saha akaanza kuona wagonjwa wa vijijini wenye madoa kifuani na viganja vilivyokakamaa kama magamba. Upande wa Bangladesh iligundulika kisimani mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye jarida lake likachapisha makala ikiita hilo tukio kubwa kuliko yote katika historia la watu wengi kunyweshwa sumu, wakikadiria watu milioni 35 hadi 77 wako hatarini. Na mchanga wenyewe ukiupima, arseniki yake ni ya kawaida tu, miligramu chache kwa kilo!

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa yale yanayokuja kichwani haraka: wakulima wanavuta maji mengi ya umwagiliaji, maji yanashuka, oksijeni inaingia chini, inavunja salfaidi, arseniki inatoka. Inaleta maana, na kama ingekuwa Geita ningesema tuanze kuangalia hapohapo. Ila maji yenyewe yaliwakana. Kama salfaidi ndo inavunjika basi salfeti inatakiwa iwe juu kwenye maji hayohayo yenye arseniki, na salfeti ilikuwa chini. Visima vibaya zaidi vilikuwa havina oksijeni kabisa, na vilikuwa vimejaa chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1998 Ross Nickson na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba kinachotokea ni kinyume: mito ilibeba kutoka Himalaya punje za mchanga zilizovikwa kutu yenye arseniki, ikazifukia pamoja na majani na matope ya viumbe vilivyooza, hewa ikaisha, vijidudu vya huko chini ambavyo haviwezi kupumua oksijeni vikaanza "kupumua" kutu. Kijidudu kikitumia kutu hivyo, chuma kinayeyuka, na kila kilichokuwa kimeshikwa kinaenda na maji. Selo ilibomolewa na mafundi wasioonekana, na kilichowapa nguvu ni uozo.

Hapo ndo "chimba zaidi" ilipozaliwa na kule ilikuwa sahihi. Chini zaidi, mara nyingi mita 150 na kwenda chini, wanakuta mchanga wa zamani, wa kabla ya barafu ya dunia kuyeyuka, ambao kutu yake haijaliwa, mchanga wa rangi ya chungwa au nyekundu, na maji yake mengi yana arseniki ndogo. Mafundi wa eneo la Matlab, hukohuko Bangladesh, wamefika mahali wanasoma rangi ya mchanga unaopanda na bomba: mweusi au kijivu wanauogopa, mwekundu wanausimamia hapohapo. Halafu kuna kichekesho kimoja cha huzuni. Kati ya mwaka 2000 na 2003 nchi ilipimwa karibu visima milioni 5, vyenye sumu pampu zikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama kijani, na takriban milioni 1.4 vikawa vyekundu. Kwa hiyo mwanakijiji wa Bangladesh juu ya ardhi rangi nyekundu ni kifo, chini ya ardhi rangi nyekundu ni uzima. Nasi huku tumeokota ile ya juu tu.

Sasa hamisha ushauri huo uulete Afrika kwenye miamba ya dhahabu uone. Obuasi, Ghana, mji wa dhahabu wa siku nyingi, utafiti wa Pauline Smedley na wenzake miaka ya 1990 ulikuta visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono vina arseniki kidogo, na vya kina kirefu zaidi ndo vina nyingi, mpaka mikrogramu 64 kwa lita wakati kikomo cha WHO ni 10. Kwanini? Kwa sababu kule juu ni tabaka la mwamba uliooza, limejaa kutu, linanasa. Ukishuka chini unaliacha tabaka la kutu mgongoni na kuingia kwenye mwamba wenyewe ambako salfaidi bado ziko hai. Burkina Faso, upande wa Ouahigouya, mtafiti huyohuyo alikuta kisima kirefu chenye mikrogramu zaidi ya 1,600 kwa lita, tena kwenye maji ambayo mengi yana oksijeni, na visima vibaya vilikaa kwenye mistari ya mwamba wenye dhahabu. Hakuna delta pale, hakuna matope ya Himalaya. Ni arseniki ileile, ila imefungwa kwenye gereza tofauti na ufunguo wake uko kinyume: huku kinachoifungua ni oksijeni, kule Bengal kinachoifungua ni kukosekana kwa oksijeni. Mtu akikupa sheria moja ya nchi zote mbili, anakudanganya bila kujua.

Na mwamba wetu wa Kanda ya Ziwa unafanana na upi? Geita, Mara, Kahama, huko ni mikanda ya mawe ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, dhahabu yake inakaa pamoja na salfaidi za chuma na sehemu zingine arsenopairaiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamepima maji kuzunguka migodi ya huko na kukuta maeneo ambayo arseniki imepita kikomo cha WHO, sio kila kisima, ni kwa mabaka mabaka, kisima kimoja kibaya na cha jirani kizuri. Mabaka hayo yanaendana na hadithi ya Burkina kuliko ya Bengal. Ila msikimbilie kusema basi tumemaliza, kwa sababu tuna mabonde ya mpunga na mbuga za matope kandokando ya ziwa, na hapo hali ya Bengal nayo inawezekana kabisa kwenye kata ileile, kilomita mbili kutoka mlimani. Kata moja, funguo mbili. Ndo maana nasema tunahitaji kuuliza kisima kwa kisima.

Kuna hoja tatu huwa natupiwa nikisema haya. Ya kwanza ni nzito na sina haraka ya kuipinga: kwamba kipindupindu na kuhara vinaua mtoto wiki hii, arseniki inamuua mtu baada ya miaka 20, kwa hiyo ukiwatisha watu na visima virefu wakarudi kwenye lambo la ng'ombe utakuwa umeua wengi zaidi. Ni kweli, na hata Bangladesh pamoja na yote ile visima vilipunguza watoto kuharisha. Mimi sisemi visima visichimbwe. Nasema kisima kinachogharimu mamilioni kupimwa bakteria, chumvi na floraidi kisha arseniki ikarukwa, kwenye mkoa wa dhahabu, huo ni uvivu. Watu wa Arusha na Meru wanajua maji yasiyo na rangi wala harufu yanavyoweza kumkahawisha mtoto meno kwa floraidi, floraidi leo inapimwa kwa sababu meno yalionekana. Arseniki haina meno ya kuonyesha. Haina ladha, haina harufu, kuchemsha hakuitoi bali maji yanapungua na yenyewe inabaki palepale, dawa ya klorini haiitoi, na maji yanayong'aa kama kioo ndo yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya rangi ya chai.

Ya pili inatoka pande mbili zinazogombana lakini zinakosea kwa namna moja. Mmoja anasema ni migodi imemwaga sumu, mwingine anasema ni ya asili, iliwekwa na Mungu kwenye mwamba, mgodi hauhusiki. Wote wanachukulia kwamba lazima iwe moja. Mwamba uliozikwa una salfaidi, asili hiyo. Lakini mwamba mzima unaguswa na oksijeni kwenye nyufa tu, na mchakato wa kuoza unakwenda kwa maelfu ya miaka, kutu ikizaliwa taratibu na kunasa taratibu. Ukiutoa ule mwamba ukaupitisha kwenye karasha ukawa unga, umeipa oksijeni eneo la kushambulia kubwa mara maelfu, na kazi ya miaka elfu unaifanya kwa masika machache. Marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kutolewa dhahabu, yaliyorundikwa pembeni ya mwalo wa kuoshea, ukiyaangalia baada ya mvua, yanaanza kutoa mistari ya njano na chungwa chini ya rundo, hiyo ni kutu changa inazaliwa na inajitahidi kunasa. Ikibaki hapo juu, kavu, ina hewa, inafanya kazi. Mvua ikiisomba ikaishia kwenye bonde la mpunga au kwenye matete ambako hakuna hewa, umeipeleka kutu yenye arseniki mahali pale ambapo vijidudu wanaisubiri kwa hamu. Kwa hiyo hata ushauri wa kufunika marudio kwa maji, ambao kwa salfaidi mbichi ni mzuri kwa sababu unazuia oksijeni, kwa marudio yaliyokwisha kuoza unaweza kuwa kinyume. Hapo "asili" haimsafishi mtu. Ni kama kusema moto ni wa asili kwa hiyo aliyewasha nyasi hana kosa.

Ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na ndo inapendwa kuliko zote: mbona babu zetu walikunywa maji haya wakaishi miaka 90. Babu zetu hawakunywa maji haya. Walikunywa ya chemchemi, ya ziwa, ya kisima cha mita tano kilichochimbwa kwa jembe ndani ya udongo mwekundu, yaani maji yaliyopita kwenye kutu. Hakuna babu aliyekuwa na rigi ya kumshusha mita 80 ndani ya jiwe. Ni hadithi ileile ya Bengal, ambako kizazi kilichougua ndo cha kwanza kunywa maji ya chini. Na wale waliokufa na saratani ya kibofu au mapafu mwaka 1965 nani aliwapima akajua?

Turudi kwenye kutu, maana inaweza kututumikia kama tukiielewa. Shangazi yangu anaishi Kanda ya Ziwa, kisima cha pampu wanachochota kiko karibu na mbuga ya mpunga. Maji yanatoka meupe kabisa, ukiyaacha kwenye ndoo yanageuka rangi ya chungwa, chai ukiipika inakuwa nyeusi kama wino na shuka nyeupe wameshazisahau. Yeye tangu zamani anayalaza kwenye ndoo mbili usiku kucha, asubuhi anachota ya juu kwa kikombe bila kuitikisa ndoo, ya chini yenye tope anamwaga. Hakusomea popote, anachukia tu ile ladha ya msumari. Lakini anachofanya ni kilekile kinachotokea kwenye jiwe linalooza: chuma kilichoyeyuka kinakutana na hewa, kinazaa kutu changa ndani ya ndoo, kutu inashuka chini na kilichoshikwa nayo. Kama maji yale yangekuwa na arseniki, kiasi fulani kingebaki kwenye tope. Kiasi gani, inategemea chuma ni kingi mara ngapi kuliko arseniki, na fosfeti ikiwa nyingi inaichukulia nafasi, kwa sababu fosfeti inafanana na arseniki kikemia na inagombea viti vilevile. Kwa hiyo ndoo ya shangazi ni msaada, haiwezi kuwa cheti.

Wengine wameifanya kazi hiyo kwa mpango. Abul Hussam, mkemia mwenye asili ya Bangladesh, alitengeneza chujio la ndoo lenye vipande vya chuma vilivyochanganyika na manganizi, mwaka 2007 akapewa tuzo ya dola milioni 1 Marekani. Nepal wamesambaza chujio la mchanga lenye misumari ya kawaida ya dukani juu yake, iachwe tu ishike kutu, na limefanya kazi vizuri sehemu zingine na hovyo sehemu zingine kwa sababu ya hiyo hiyo hesabu ya chuma na fosfeti. Chuo cha IIT Kharagpur India wametumia udongo wa leteraiti, ambao kwetu ni ule wa kumwaga barabarani tunaouita changarawe nyekundu au moramu. Yaani ule udongo ambao meseji ya WhatsApp inasema una sumu, kuna watu wanaupakia kwenye chujio uwatolee sumu. Mpunga wenyewe unaijua mbinu hiyo, mizizi yake inavuja oksijeni kidogo kwenye tope na kujivika koti la kutu, arseniki nyingi inaishia kwenye koti kabla ya kufika kwenye punje.

Halafu lile tope la chini ya ndoo linaenda wapi? Hapa ndo naona tunajidanganya zaidi hata tukiwa na vichujio vizuri. Bangladesh kuna wakati walishauri lichanganywe na mavi ya ng'ombe. Ukifikiria jinsi arseniki ilivyotoka kule chini, kwamba vijidudu walihitaji uozo wa kula na ukosefu wa hewa ili waiyeyushe kutu, basi kuipa kutu yenye arseniki mavi ya ng'ombe ni kama kumletea mfungwa tupa ya kukatia nondo ndani ya mkate. Ukilimwaga chooni ni yaleyale. Sehemu kavu, yenye hewa, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga, ndo kutu inabaki kutu.

Na kwa anayechimba kisima kirefu leo, vitu vya kudai sio vingi. Arseniki ipimwe kwa namba, na kwenye karatasi hiyohiyo zisomwe salfeti, chuma, manganizi na naitreti, kwa sababu hizo ndo zinakwambia uko kwenye gereza gani. Arseniki juu na salfeti juu, chuma kidogo, fikiria salfaidi inayooza, na kwenda chini zaidi kunaweza kuongeza. Arseniki juu, chuma juu, salfeti na naitreti karibu na sifuri, fikiria kutu inayoliwa, na hapo tabaka jingine linaweza kusaidia. Weusi kwenye sakafu ya pampu badala ya uchungwa mara nyingi unaonyesha manganizi ndo inayoyeyuka na chuma bado kimeshika, habari nzuri kwa arseniki, ingawa manganizi nayo WHO imeikaza mpaka mikrogramu 80 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga. Na irudiwe baada ya masika, kisha baada ya mwaka, kwa sababu ukianza kuvuta maji unabadilisha hewa ya chini na kipimo cha siku ya uzinduzi kinazeeka.

Kingine ni udongo unaotoka wakati wa kuchimba. Kila mita chache rigi inapuliza juu unga wa mwamba, na mahali ule unga unapoacha kuwa mwekundu ukawa wa kijivu ndo mlango kati ya kutu na jiwe bichi, hiyo ni habari ambayo hutaipata tena ukishaweka bomba. Mwaka jana nilikuwepo kwa shangazi walipochimba kisima cha pili, safari hii cha shule, upande wa mlimani. Mwekundu ulitoka kwa muda mrefu, ukaja wa njano, kisha kijivu chenye vipunje vinavyometameta. Watoto wa kule hata hawakuokota, wanajua dhahabu haing'ai hivyo. Nikamuuliza fundi maji yameonekana mita ya ngapi, kwenye wekundu au kwenye kijivu, akaniambia maji ni maji mzee wangu, muhimu yametoka. Nilimuomba basi atuachie vifungu vya ule unga mita kwa mita kwenye mifuko ya nailoni tuvipeleke kwa mtu wa kuvisoma. Akakubali bila ubishi. Nilipoenda kesho yake asubuhi, wekundu na kijivu vyote vilikuwa vimeshachotwa kwa toroli na kumwagwa kama kifusi kwenye msingi wa choo kipya cha wasichana, na juu yake walikuwa wameshaanza kupanga tofali.